WABEBA BOKSI NA KODI YA MAREKANI: TAREHE ULIYOANDIKA NDIYO TAREHE ULIYOLIPA?

Wadau, leo kodi. Najua wengine mko kafe mmebakiza dakika kumi na tano na kuna mtu amesimama nyuma ya kiti anasubiri, kwa hiyo naanza na kiini chenyewe. Kuna ndugu zetu Marekani wanaolipa kodi yao yote, senti kwa senti, halafu wanaletewa barua ya adhabu. Wengine wanajitoza adhabu wenyewe wakati hakuna aliyewadai. Kinachowaponza siyo kiasi cha fedha, ni tarehe walizojaza kwenye programu ya kodi.

Mtu atauliza, sisi tulioko Bongo, Nairobi au Mombasa inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu hela inayokatwa kule ni ileile ambayo ingetumwa huku. Na inatuhusu kwa sababu wengine wenu ndio mnaopigiwa simu usiku na kaka aliyeko Houston au shangazi aliyeko Columbus, "wewe si unajua kompyuta, hebu niangalizie hii fomu". Ukikubali kuangalia, basi ujue unaangalia nini.

Kwanza mfumo wenyewe. Marekani kodi ya mapato haisubiri mwaka uishe. Tangu sheria ya mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, utaratibu ni kwamba unalipa kadiri unavyopata. Mwajiriwa hana shida, bosi anakata kila anapolipa mshahara, kama PAYE ya kwetu, na kupeleka serikalini. Lakini dereva wa Uber au Lyft, anayepeleka chakula kwa DoorDash, dada anayesuka nywele sebuleni kwake, anayefanya usafi wa maofisi kwa mkataba, hawa wote kwa macho ya sheria ni wafanyabiashara. Hakuna anayewakatia. Kwetu mfanyabiashara mdogo anakwenda TRA "kukadiriwa". Kule unajikadiria mwenyewe kwa Fomu 1040-ES na kulipa mara nne. Ndani ya malipo hayo kuna kodi ya mapato ya kawaida, na kuna ile ya kujiajiri, asilimia 15.3, ambayo ni michango ya hifadhi ya jamii na matibabu ya wazee. Mwajiriwa anagawana mchango huo nusu kwa nusu na bosi. Dereva wa Uber anabeba wote peke yake, kwa sababu bosi ni yeye.

Anayetakiwa kulipa hivi ni yule ambaye mwisho wa hesabu atadaiwa dola 1,000 au zaidi baada ya kuondoa kilichokatwa na nafuu anazostahili. Akishalipa kwa wakati asilimia 90 ya kodi ya mwaka huo, au asilimia 100 ya kodi ya mwaka uliotangulia, hana adhabu (kwa wenye kipato kilichozidi dola 150,000 hiyo ya pili inakuwa asilimia 110, ila hao sidhani kama wako kwenye kijiwe hiki).

Tarehe zenyewe ni hizi: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba, na 15 Januari ya mwaka unaofuata. Ikiangukia wikiendi au sikukuu inasogea mpaka siku ya kazi inayofuata. Wenyewe wanaziita robo mwaka, lakini hebu zihesabu. Ya kwanza inabeba mapato ya miezi mitatu, ya pili miezi miwili tu, ya tatu mitatu, ya nne minne. Mtu anayepanga hela zake kwa miezi mitatu mitatu anafika Juni hana kitu, kwa sababu alidhani bado ana mwezi mzima.

Hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo, na unamnasa zaidi mtu aliyekulia kwetu. Tanzania mlipakodi wa mahesabu anayefuata mwaka wa kalenda analipa awamu zake mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kenya, yule anayelipa kwa awamu analipa kabla au ifikapo tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Angalia vizuri: zote nne ziko ndani ya mwaka wenyewe. Mwaka ukiisha, malipo ya awamu yamekwisha. Marekani ya nne inavuka mwaka. Uliyolipa tarehe 15 Januari 2025 ni ya mapato ya 2024. Sasa mtu anafungua programu Machi 2026 kujaza ritani ya 2025, anaulizwa ulilipa nini, anachukua taarifa ya benki ya 2025 kuanzia Januari mpaka Desemba na kuandika kila anachokiona kimekwenda IRS. Ile ya Januari anaiingiza kwenye 2025, wakati alishaihesabu kwenye ritani ya 2024. Hela moja imetumika mara mbili. Na ile ya Januari 2026, ambayo ndiyo haki yake, anaisahau kwa sababu haimo kwenye karatasi aliyoshika.

Kosa hili ni kubwa kuliko mengine yote nitakayotaja, kwa sababu halimletei riba ya dola chache, linabadilisha kodi yenyewe. IRS ikipokea ritani inalinganisha jumla uliyoandika, mstari wa 26 wa Fomu 1040, na ilichonacho kwenye akaunti yako ya mwaka huo. Zikitofautiana, yao ndiyo inayotumika. Kama ulikuwa unategemea kurudishiwa hela, inapunguzwa au inachelewa, na barua inakuja.

Ndugu yake huyu mtego ni ule wa kuchagua mwaka wakati wa kulipa. Ukiingia kwenye tovuti ya IRS kulipa unaulizwa malipo haya ni ya nini na ya mwaka gani. Ukilipa Januari 2026 na ukachagua 2026, hela inakaa kwenye akaunti ya 2026, inasubiri ritani ambayo hutaijaza mpaka mwakani. Hela haijapotea, lakini wewe unaonekana hujalipa. Kuihamisha inawezekana, ila ni shughuli ya simu na kusubiri na muziki wa kusubiri.

Mtego wa pili ni mdogo kiasi kwamba watu wanacheka ukiwaambia. Sisi tunaandika siku, mwezi, mwaka. Wamarekani wanaandika mwezi, siku, mwaka. Chukua mtu aliyelipa tarehe 9 Juni 2025, siku saba kabla ya mwisho, raia mwema kabisa. Anaandika 9/6/2025 kama alivyofundishwa darasa la tatu. Programu inasoma 6 Septemba. Kwa hesabu ya kompyuta, awamu ya Juni hakulipa, alichelewa karibu miezi mitatu. Kibaya ni kwamba programu haitampigia kelele. Angeandika 15/6/2025 ingegoma, kwa vile hakuna mwezi wa kumi na tano. Lakini siku yoyote kuanzia 1 mpaka 12 inapita kimyakimya kama mwezi halali. Na anayesaidiwa kujaza na mdogo wake aliyeko Mwanza ndiyo kabisa, wawili wote wanaona tarehe iko sawa.

Sasa tuje kwenye mtego wa tatu, ambao ndio ulionifanya niandike.

Baadhi ya programu za kodi, ukifika sehemu ya malipo ya makadirio, zinakukuta na nafasi nne. Kila nafasi imeshaandikwa tarehe: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba, 15 Januari. Wewe unajaza kiasi tu. Inaonekana ni msaada, na kwa mtu aliyelipa siku zilezile ni msaada kweli. Lakini zile ni tarehe za mwisho za kulipa, siyo tarehe ulizolipa. Ukijaza kiasi na kuacha tarehe ilivyo, umeiambia programu kwamba ulilipa kwa wakati. Yenyewe inaamini. Haina uhusiano na benki yako wala na akaunti yako ya IRS, inajua ulichoiambia basi.

Tufanye mfano wa kubuni. Jamaa mmoja, dereva, kodi yake ya 2024 ilifika dola 6,000, hakuna aliyemkatia chochote. Mwaka wa nyuma yake alidaiwa zaidi ya hapo, kwa hiyo kipimo chake ni asilimia 90 ya mwaka huu, dola 5,400, yaani dola 1,350 kila awamu. Gari lilimsumbua mwaka mzima, hakulipa Aprili, hakulipa Juni, hakulipa Septemba. Tarehe 15 Januari 2025 akakaza roho akalipa zote 5,400 kwa mkupuo. Kwenye programu akagawanya mwenyewe, 1,350 mara nne, kila moja kwenye nafasi yake, maana ndivyo fomu ilivyomtaka. Programu ikamwambia adhabu sifuri. Akalala vizuri.

IRS haihesabu hivyo. Yenyewe inaona malipo mamoja tu, ya Januari. Adhabu ya kuchelewesha makadirio ni kama riba: inahesabiwa siku kwa siku, kwa kila awamu, kuanzia siku ilipotakiwa mpaka siku ilipolipwa. Kwa mwaka 2024 kiwango kilikuwa asilimia 8, kikashuka hadi 7 kuanzia Januari 2025. Awamu ya Aprili imechelewa siku 275, hiyo ni kama dola 80. Ya Juni kama dola 62. Ya Septemba kama dola 35. Jumla karibu dola 180. Siyo hela ya kumfilisi mtu, lakini ni hela, na inakuja kwenye bahasha ya serikali wakati yeye alishaambiwa na kompyuta kwamba yuko safi. Mtu wa hivi ndiye anayeanza kusema "IRS wananionea".

Geuza sasa. Mwanamke mwingine, kodi ileile, alilipa vizuri mara nne kwa siku zake. Lakini Machi ana haraka, anaona taabu kuandika mistari minne, anaweka mstari mmoja: dola 5,400, Januari. Jumla ni sahihi. Programu ikijaza Fomu 2210, ile ya kuhesabu adhabu, inamhukumu kama yule dereva. Inaongeza dola 180 kwenye deni lake, naye analipa kwa sababu kompyuta imesema. Huyu hajakosa chochote! Ametoa sadaka kwa Hazina ya Marekani. Hela imeshatoka mfukoni, na kuidai ni kazi nyingine.

Kwa hiyo tarehe ya uongo inaumiza pande zote mbili, na ukifikiri vizuri hakuna mtu hata mmoja inayemfaidisha. Anayeweka tarehe nzuri ili akwepe adhabu hafichi kitu, kumbukumbu za malipo ziko kwa anayemdai. Ni sawa na kumdanganya mwenye duka kuhusu siku uliyolipa deni wakati daftari liko kwake.

Hapa watu wengi hawajui kitu kimoja ambacho programu haziwaelezi vizuri. Fomu 1040 yenyewe haiulizi tarehe. Inataka jumla tu. Tarehe zinaingia kwenye hesabu ya adhabu, na mara nyingi hesabu hiyo hulazimiki kuifanya wewe. Maelekezo ya IRS yanaruhusu uache nafasi ya adhabu wazi, wao wahesabu na wakutumie bili. Ziko hali chache ambazo unatakiwa kujaza Fomu 2210, kwa mfano kama unaomba usamehewe sehemu ya adhabu au unatumia ile njia ya mapato yasiyo sawa nitakayoitaja sasa hivi. Nje ya hapo, mtu ambaye hana risiti zake mkononi, kwa maoni yangu ni bora aiachie IRS kuliko abahatishe tarehe.

Njia ya mapato yasiyo sawa inawahusu wengi na wachache wanaijua. Sheria inaanza kwa kudhani umepata hela sawasawa mwaka mzima. Dada aliyeanza kusuka Septemba anaonekana kama alidaiwa awamu ya Aprili, wakati Aprili alikuwa hana hata kitana. Kuna kiambatisho cha Fomu 2210 kinachomruhusu kuonyesha alipata nini katika kila kipindi, na adhabu za mwanzo wa mwaka zinaondoka au zinapungua. Ila kinadai nidhamu: lazima ujue mapato na matumizi yako kwa vipindi, na tarehe zako za malipo ziwe za kweli. Ndiyo maana nasema tarehe siyo kitanzi tu. Wakati mwingine ndiyo inayokutoa.

Sasa tarehe ya kweli ni ipi? Kwa mtu anayelipa kwa mtandao ni ile siku ya malipo uliyoichagua na kuthibitishiwa, iliyo kwenye ukurasa wa uthibitisho, siyo siku benki ilipotoa hela kwenye akaunti, ambayo inaweza kuwa siku moja mbili baadaye. Kwa aliyetuma hundi kwa posta ni tarehe ya mhuri wa posta, siyo siku IRS walipofungua bahasha. Na hapo pana habari: mwishoni mwa 2025 posta ya Marekani iliweka wazi katika kanuni zake kwamba mhuri unaweza kuonyesha siku barua ilipopita kwenye mashine ya kuchambulia, siyo lazima siku ulipoidondosha kwenye sanduku. Mtu wa kudondosha bahasha jioni ya tarehe 15 na kwenda zake hana uhakika tena. Kama ni lazima hundi, aende kaunta aombe mhuri upigwe mbele yake.

Tarehe za mwisho nazo zinahama. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, awamu za 15 Aprili na 15 Juni zote mbili zilisogezwa hadi 15 Julai. Mwaka uliofuata watu wakadhani mambo ni yaleyale, kumbe 2021 kilichosogezwa hadi 17 Mei kilikuwa ritani tu, awamu ya kwanza ikabaki 15 Aprili palepale. Wengi walijichanganya na siwalaumu. Januari 2025 moto ulipoteketeza sehemu za Los Angeles, wakazi wa kaunti ile walipewa mpaka 15 Oktoba 2025 kulipa, pamoja na ile awamu ya 15 Januari. Mtu wa Los Angeles aliyelipa 10 Oktoba hajachelewa, na mwenzake wa Dallas aliyelipa siku hiyohiyo amechelewa kweli. Huyu wa Los Angeles akijaribu kuwa mjanja na kuandika 15 Januari anajichafulia bure, angeandika 10 Oktoba yake na asingekuwa na neno.

Majimbo nayo yana kalenda zao, sitaingia sana humo. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, waliopo huko wapumue. California wanagawa awamu asilimia 30, 40, sifuri, 30, kwa hiyo anayejaza sawa kwa sawa mara nne kwenye sehemu ya jimbo ameshaharibu.

Sasa uchambuzi wenyewe, maana mpaka hapa nimeeleza mitego tu.

Tarehe hizi zote, kila moja, IRS inazo. Ukifungua akaunti yako kwenye tovuti yao unaona malipo yako ya miaka mitano, pamoja na ya makadirio. Kwenye nakala ya akaunti, malipo ya makadirio yanaandikwa kwa namba 430, na pembeni yake tarehe na kiasi. Mwenye tarehe ni serikali. Anayehesabu ni programu. Katikati wamemweka dereva aliyechoka, saa sita usiku, anachukua tarehe kutoka kwa huyu na kumpelekea yule kwa vidole viwili, na akikosea njiani adhabu ni yake. Jamani, hiyo kazi ya utarishi alipewa na nani?

Kulikuwa na dalili ya mambo kubadilika. IRS ilianzisha programu yake ya bure, Direct File, kwa majaribio katika majimbo 12 mwaka 2024, ikapanuka hadi majimbo 25 mwaka 2025. Kwa msimu wa 2026 haipo tena, imefungwa. Na hata ilipokuwepo haikuwapokea wenye mapato ya kujiajiri, yaani walewale wanaoteseka na hizi tarehe ndio waliofungiwa mlango. Kampuni za programu zilikuwa zinaipinga wazo hilo kwa miaka mingi. Sisemi ndizo zinazopanga watu wakosee tarehe, hapana, hakuna anayefaidika na 9/6. Nasema tu kwamba mfumo ambao mlipakodi anauziwa chombo cha kuipa serikali taarifa ambayo serikali tayari inayo, mimi nauona kichekesho.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Mwajiriwa akikatwa kodi kwenye mshahara, sheria inahesabu ile kodi kama imelipwa sawasawa mwaka mzima, hata kama yote ilikatwa Desemba. Ndiyo, hata yote ikikatwa Desemba! Mtu anaweza kukaa miezi kumi na moja akikatwa kidogo sana, kisha Desemba akamwambia bosi amkate kwa nguvu, na kwa macho ya IRS amelipa Aprili, Juni, Septemba na Januari kwa mpangilio. Tarehe yake ya kubuni ni halali kisheria. Dereva wa Uber anahesabiwa siku kwa siku, na akiandika tarehe ya kubuni ni kosa. Mwenye ajira ya uhakika anadhaniwa mwema, mwenye kipato cha kuokoteza anadaiwa mhuri. (Wenye ndoa ambako mmoja ameajiriwa na mwingine anaendesha gari, hapo mna njia halali kabisa: aliyeajiriwa aombe akatwe zaidi mwisho wa mwaka. Wanaoijua wanaitumia.)

Na hali inaelekea kuwa ngumu zaidi kwa mlango wa nyuma. Sheria ya Julai 2025 imepunguza makaratasi. Kampuni inayokulipa kwa mkataba sasa inalazimika kukutumia fomu ya mapato kama imekulipa kuanzia dola 2,000, kwa malipo ya mwaka 2026 na kuendelea, wakati zamani ilikuwa dola 600. Fomu ya malipo yanayopita kwenye mitandao imerudishwa kwenye kiwango cha zamani, zaidi ya dola 20,000 na miamala zaidi ya 200. Watu wameshangilia vijiweni, "sasa hatutozwi". Si kweli. Karatasi imepungua, kodi haijapungua. Kujiajiri ukipata faida ya dola 400 tu tayari una kodi ya kujiajiri. Kilichobadilika ni kwamba hata kile kikaratasi cha kukukumbusha hakiji tena, na kumbukumbu zote, za kupata na za kulipa, zimebaki kwa mtu mwenyewe. Mimi natarajia makosa ya tarehe yaongezeke, siyo yapungue.

Kwa mdau anayesaidia ndugu yake, ninachomshauri ni kidogo tu. Mwambie afungue akaunti yake ya IRS mwenyewe, asikupe neno la siri, akutumie picha ya ukurasa wa malipo. Andika kwa kufuata ule ukurasa, siyo taarifa ya benki na siyo kumbukumbu ya kichwani. Mwezi kwanza, kisha siku. Kila malipo na mstari wake, hata kama alilipa mara saba kwa kudunduliza, hakuna sheria inayosema yawe manne. Kama programu imeweka tarehe tayari, ifute uandike ya kwake. Na kabla hajatuma, soma ile ya Januari mara mbili: ni Januari ya mwaka gani, na alipoilipa alichagua mwaka gani?

Kwa mapato ya 2026 tarehe zilizowekwa ni 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba, kisha 15 Januari 2027, na safari hii hakuna hata moja inayoangukia wikiendi.

Wadau mlioko huko, hasa madereva na dada zetu wa saluni: aliyewahi kupata barua ya adhabu ya makadirio, kosa lilikuwa lipi, la mwaka, la mwezi na siku, au ulichelewa kweli? Na kuna aliyewahi kujitoza bila kudaiwa akafanikiwa kurudishiwa? Andikeni hapo chini kwenye maoni, msiweke namba zenu za siri wala za hifadhi ya jamii. Nawasilisha.